Gari ya zamani kwenye mteremko: nani analipa freni?

Mashariki mwa Kongo, gari yenye miaka 20 ao 25 si kitu cha kushangaza mtu. Ndiyo inapeleka watoto kwenye masomo, mihogo sokoni na wagonjwa hospitalini. Siku inakufa katikati ya njia, wamoja wanalaumu uzee wake, wengine fundi, wengine barabara. Lakini ukifuata mambo mpaka kwenye mzizi, mara nyingi unakuta shida ilijionyesha siku nyingi mbele, na wakati ule ilikuwa shida ndogo. Fundi aliiona, shofere aliisikia. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa.

Pedali inapokuwa laini

Anayesafiri kwenye barabara ya taifa nambari 5 anaijua Ngomo. Kutoka Bukavu kupitia Nyangezi, njia inaangukia kwenye bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Kwa Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara ya taifa nambari 2, kuna Kabasha: Kanyabayonga iko juu, uwanda wa Rwindi uko chini, na katikati ni kona juu ya kona.

Kwenye mteremko wa namna hiyo shofere anakanyaga freni, inashika. Anakanyaga tena, inashika. Kisha kidogo kidogo pedali inakuwa laini chini ya mguu, inaenda mbali kuliko kawaida. Abiria wa nyuma hawajui kitu, wanasikia tu harufu ya kuungua. Kona moja tena, na pedali inagusa chini bila gari kupunguza mwendo.

Hapo wengi wanazungumza juu ya bahati mbaya, na wengine juu ya uchawi. Maelezo yake yanajulikana kwa kila fundi. Freni inasimamisha gari kwa kusugua, na kusugua kunaleta joto. Joto hilo linafika mpaka kwenye mafuta ya freni. Mafuta haya yana tabia moja: yanavuta unyevu wa hewa, mwaka baada ya mwaka, hata kama kopo limefungwa. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye digrii 205. Yakisha kunywa maji, yanaweza kuchemka kwenye digrii 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana yanasukuma freni, mvuke unabanwa. Basi mguu unasukuma mvuke, na tairi inaendelea kuzunguka.

Ndiyo sababu gari inaweza kuwa na freni nzuri saa kumi na mbili asubuhi kwenye parking, na kuzikosa saa mbili kwenye mteremko. Na ndiyo sababu mafuta ya freni yanabadilishwa kila miaka 2, hata kama hayajapungua na hata kama rangi yake haijakuwa nyeusi sana. Kuongeza juu ya yale ya zamani si kubadilisha.

Dalili zingine ni rahisi kusoma. Freni inalia kama chuma kinasugua chuma: plakete zimeisha. Zikibaki na unene chini ya milimetre 3, wakati wa kuzibadilisha umefika. Gari inavuta upande mmoja ukikanyaga: piston ya tairi moja imekwama, ao mafuta yanavuja upande mmoja. Pedali inakuja vizuri ukiipompa mara mbili ao tatu: hewa imeingia kwenye mabomba, inapaswa kutolewa. Pedali inashuka pole pole gari ikiwa imesimama: kuna mahali inavuja, ndani ao nje, na gari hiyo haifai kutoka.

Kisha kuna desturi ambayo hakuna piesi inayoweza kuirekebisha. Ili kuchunga mafuta, mashofere wamoja wanashuka mlima vitesi ikiwa katikati, wengine wanazima hata motere. Motere ikizimwa, msaada wa freni unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito. Sheria ya wazee wa barabara inabaki ileile: vitesi unayoitumia kupanda mlima, ndiyo ya kuushukia. Kwa gari ya otomatiki, ni 2 ao L. Motere inazuia gari, freni zinapumzika.

Kupanda nako kuna yake

Gari ileile ikirudi kutoka Kamanyola, hatari inabadilika. Sasa ni motere inayobeba watu na mizigo kwenye jua la bonde, kwa vitesi ndogo, bila upepo wa kutosha kwenye radiatere. Mshale wa joto unaanza kupanda.

Kimo cha milima kinaongeza ugumu. Kwenye metre 1 500, kama Goma ao Bukavu, maji yaliyo wazi kwenye sufuria yanachemka karibu digrii 95, siyo 100. Gari inashinda tatizo hilo kwa kifuniko cha radiatere: kile kifuniko kina springi na mpira vinavyofunga presha ndani, na kwa presha ile maji yanapita digrii 110 bila kuchemka. Mpira ule ukipasuka, presha inatoka, maji yanachemka mapema, yanamwagika njiani. Kifuniko ni kati ya piesi za bei ndogo kabisa kwenye gari. Lakini ndicho kinaweza kuanzisha kifo cha motere nzima.

Fundi mzuri anayetafuta sababu ya joto anaanzia kwa vitu vya bei ndogo, kisha anapanda. Kwanza kiasi cha maji, motere ikiwa baridi. Pili kifuniko. Tatu mipira ya maji: je, imepasuka ao imelainika sana? Nne mkanda unaozungusha pompi: je, umelegea? Tano ventilatere: je, inazunguka motere ikipata joto? Sita radiatere yenyewe: kwa nje imezibwa na matope na nyasi, ao kwa ndani na kutu? Saba termostati. Nane pompi ya maji. Mwisho kabisa, juenti ya kulasi, ile inayokaa kati ya kichwa cha motere na mwili wake.

Juenti hiyo ikiungua inatoa ishara zake: moshi mweupe usioisha hata motere ikisha pata joto, maji yanayopungua bila kuonekana yanavuja wapi, mapovu kwenye radiatere, na mafuta ya motere yanayogeuka kama maziwa chini ya kifuniko chake. Hapo hakuna dawa ya kumwaga ndani. Ni kufungua motere, na kichwa kikaguliwe kama hakikupinda.

Kuna makosa mawili yanayofanyika kila siku. La kwanza ni kutoa termostati na kuitupa, juu ya kusema inaleta joto. Bila termostati motere inafanya kazi ikiwa baridi kwenye njia tambarare, inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa upesi, na ugonjwa wa kweli unabaki palepale. La pili ni kujaza maji ya mto ao ya ziwa. Yanaokoa safari ya leo, lakini yanaingiza mchanga na kutu ndani ya radiatere. Maji ya dharura yanapaswa kutolewa ukifika, na mfumo usafishwe.

Mshale ukifika kwenye nyekundu: simama mahali salama, zima, ngoja karibu nusu saa. Usifungue kifuniko, kwani maji yaliyo ndani yanaruka usoni na kuunguza vibaya. Usimwage maji baridi kwenye motere ya moto, kichwa kinaweza kupasuka. Kama uko kati ya mlima na hakuna pa kusimama, washa hita ya ndani kwa nguvu yote: abiria watatoka jasho, lakini joto kidogo litakuwa limetoka kwenye motere.

Batri, mafuta na moshi

Gari isiyoamka asubuhi haiui mtu, lakini inakula siku. Mbele ya kununua batri mpya, fundi mwenye kipimo anaangalia namba mbili. Gari ikiwa imezimwa tangu usiku, batri nzima inaonyesha karibu volti 12,6. Motere ikizunguka, inapaswa kupanda kati ya 13,8 na 14,4. Kama haipandi, mgonjwa ni altenatere ao mkanda wake, na batri mpya itakufa kama ile ya kwanza. Kama namba zote ni nzuri lakini unasikia tu «tak» ukiwasha, angalia vichwa vya batri: ule unga mweupe ao wa kijani unaoshwa kwa maji ya moto, kisha nyaya zinakazwa. Watu wengi wamelipa batri nzima kwa kazi ya dakika kumi.

Kwa esansi na mazutu, shida inaanzia pengine kwenye chupa. Esansi ya wale raia wanaoita «kadhafi» imemwagwa kutoka bidoo hadi bidoo, na kila bidoo ina vumbi na maji yake. Kitambaa cha kuchujia kinazuia uchafu mkubwa, maji yanapita. Gari inayokosa nguvu kwenye mlima, inayoruka-ruka kama inakohoa, kisha inatembea vizuri ikifika kwenye tambarare, mara nyingi inalilia filtri. Kwa gari nyingi za mazutu, filtri ina kizibo chini cha kutolea maji: kukifungua kidogo kila wiki ni kazi isiyolipiwa. Na anayetembea kila siku na tanki karibu tupu anavuta uchafu wote uliolala chini.

Moshi nao unasema. Mweusi: mafuta mengi ao hewa kidogo, anza na filtri ya hewa, hasa wakati wa vumbi. Wa bluu: motere inaunguza mafuta yake ya ndani, angalia kiasi chake kila asubuhi. Mweupe usioisha: rudi kwenye habari ya maji na juenti.

Mambo haya yote si siri. Kijana aliyepitisha mwaka mmoja kwenye garaji anayajua. Basi kwa nini gari inateremka Ngomo na mafuta ya freni ya miaka mitano?

Gari ni ileile, makubaliano ni mengine

Jibu la haraka ni kusema gari hizi ni kuukuu. Ni kweli kwamba Afrika inapokea gari zilizotumika sana. Ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mazingira, iliyotolewa mwaka 2020, ilihesabu gari ndogo za okazio milioni 14 zilizouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na karibu asilimia 40 yake zilikuja Afrika. Nchi jirani zimeweka mipaka ya umri: Kenya miaka 8, Uganda miaka 15 tangu sheria ya mwaka 2018.

Lakini umri peke yake hauelezi yote. Chukua Toyota iliyotoka Japani. Kule, gari mpya ya mtu binafsi inapimwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Freni, taa, usukani, moshi, yote yanaangaliwa, na mwenye gari analipa kwa sababu bila cheti haitembei. Gari hiyo inapanda meli, inafika Mombasa ao Dar es Salaam, inavuka mpaka Kasindi ao kwingine. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia siku ile hakuna siku iliyopangwa ya kuifungua na kuitazama. Kilometre zinazosomwa mbele ya shofere pengine zilirudishwa nyuma, na hakuna anayejua lini mkanda wa ndani wa motere ulibadilishwa. Kwa motere nyingi za Toyota za miaka ya 1990, mkanda huo unabadilishwa kila kilometre 100 000. Anayenunua bila kujua historia angeubadilisha mara moja. Wengi wanangoja.

Barabarani, kontrole inaanzia kwenye karatasi: asiranse, vinyeti, kontrole tekniki. Karatasi ni lazima, lakini karatasi haipimi unene wa plakete.

Kidogo cha shofere, kikubwa cha patroni

Ndipo inakuja habari ya «versement». Gari nyingi za uchukuzi haziendeshwi na mwenyewe. Shofere anapewa gari asubuhi, jioni anarudisha kiasi walichopatana, na kinachobaki juu ndicho chake. Makubaliano ni ya mdomo, na kwa upande wa matengenezo mara nyingi yanasema hivi: shida ndogo ni za shofere, shida kubwa ni za patroni.

Kwa kusikia tu, ni haki. Lakini tazama kinachotokea. Kifuniko cha radiatere kikiharibika ni shida ndogo, shofere anapaswa kukitoa kwenye faida yake ya siku. Akikiacha mpaka motere iungue, inakuwa shida kubwa, na patroni ndiye analipa. Makubaliano yenyewe yanamfundisha shofere kungoja mpaka kidogo kiwe kikubwa. Na patroni ambaye hapandi gari hasikii ile freni inayolia.

Hesabu ya mfano inasaidia kuelewa. Kama versement ni dola 20 kwa siku, na fundi anasema freni zinaomba dola 30 pamoja na siku moja ya kusimama, patroni anaona dola 50 zimepotea. Shofere naye anaona siku bila chakula nyumbani. Wote wawili wana sababu ya kusema maneno yanayosikika kwenye kila parking: «Bado inatembea, itatufikisha.» Hakuna mwenye roho mbaya kati yao. Lakini wanaokaa nyuma, mama mwenye vitunguu vyake na mtoto mgongoni, hawakuulizwa kama wanakubali.

Mapatroni nao wana lao la kusema, na si uongo wote. Kuna mashofere wanaopatana na fundi kuongeza bei ya piesi. Kuna piesi zinazolipwa ambazo hazikuwekwa. Patroni aliyedanganywa mara mbili anakataa mara ya tatu, hata kama mara hiyo freni zimeisha kwa kweli.

Fundi anabaki katikati. Analipwa kwa kazi, siyo kwa mwezi, na anaambiwa: «Tengeneza kwa hizi.» Kwa hiyo anaunga. Plakete za kuigiza zinakaa karibu na zile za kweli kwenye duka moja, kwenye paketi zinazofanana, na yule mwenye pesa kidogo anajua atachukua zipi.

Vita imekaza kamba zaidi. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Februari, Bukavu nayo ikapitia hivyo. Kwa mfanyabiashara wa piesi, kupata pesa mkononi na kulipa muuzaji wa mbali kukawa kugumu na kwa gharama. Kusema hivyo si kutoa samahani kwa freni zilizokufa. Ni kuonyesha tu kwamba kila kikwazo kipya kinasukuma matengenezo mbele, siku hadi siku, na mteremko haujui vita.

Kitu ambacho kinaweza kubadilishwa

Barabara haitatengenezwa na shofere, wala bei ya piesi haitashushwa na patroni. Lakini makubaliano kati yao yako mikononi mwao.

La kwanza ni kutenga pesa mbele ya shida. Watu wa huku wanaijua likelemba. Gari nayo inaweza kuwa na yake. Kwenye dola 20 za versement, 2 zikiwekwa kando kila siku, kwa siku 26 za kazi ni dola 52. Pesa hiyo si ya shofere wala ya patroni, ni ya gari. Hapo hakuna tena kugombana kama shida ni ndogo ao kubwa, na hakuna faida ya kungoja.

La pili ni daftari. Tarehe, kilometre, piesi iliyobadilishwa, bei, jina la fundi. Na piesi ya zamani irudi kwa patroni, aione kwa macho. Daftari la franka chache linaondoa nusu ya uongo, na siku gari inauzwa linaongeza bei yake.

La tatu ni dakika kumi za asubuhi, motere ikiwa baridi: maji, mafuta ya motere, mafuta ya freni, tairi na ile ya akiba, taa, kisha kukanyaga pedali kwa nguvu na kuhesabu mpaka thelathini. Ikishuka, gari haitoki. Na siku moja kila wiki mbili versement isidaiwe, gari iende garaji hata kama «haina kitu».

La nne ni la abiria. Harufu ya kuungua kwenye mteremko, chuma kinacholia, shofere anayepompa pedali: ni haki ya kila mtu aliyelipa nafasi yake kusema «Papa shofere, simama kidogo, freni zipoe». Atakasirika pengine. Nusu saa ya kungoja kando ya njia, karibu wote wanaisahau wakifika.

Gari ya zamani inaweza kutumika miaka mingi tena. Mafundi wa Butembo, Bunia ao Uvira wanaonyesha hilo kila siku kwa mikono yao. Haiombi kuwa mpya. Inaomba ijulikane tangu mwanzo, mbele ya kuondoka na siyo katikati ya Ngomo, nani atalipa freni zake.